Mfumo Ukishasema

Jo Hamilton alikuwa na duka katika kijiji cha South Warnborough, kusini mwa Uingereza, na humo dukani aliendesha pia ofisi ndogo ya posta. Ni biashara ya kawaida vijijini kule: upande mmoja mikate, maziwa na magazeti, upande wa pili dirisha ambapo wazee huchukua pensheni na majirani hulipia bili na kununua stempu. Jioni moja alipofunga hesabu, kompyuta ilimwonyesha kuwa pauni 2,000 na ushee hazipo. Akahesabu noti upya. Akapitia risiti moja moja. Hakuona pa kushika. Akapiga simu kwenye dawati la msaada la Posta, na aliyepokea akaanza kumwongoza: bonyeza hapa, ingiza hiki, sasa thibitisha. Hamilton akafuata hatua kwa hatua, macho yakiwa kwenye skrini, na upungufu ule ukajirudufu mbele yake. Ukawa pauni 4,000.

Akaambiwa alipe.

Namwomba msomaji alishike hilo kabla hatujaenda mbali. Mwanamke mwenye akili timamu ameona namba ikijiongeza bila noti hata moja kuguswa, na amemweleza mtu wa Posta palepale kwenye simu. Lakini kati ya macho yake na skrini, skrini ndiyo iliyoaminiwa. Kila kilichofuata, kwake na kwa mamia ya wenzake, kilitoka kwenye uamuzi huo mdogo wa dakika chache.

Hamilton alilipa. Shoti ikarudi, akalipa tena, akaweka nyumba yake rehani, na bado ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Ili aweze kuanza kipindi kipya cha hesabu, mfumo ulimtaka athibitishe kuwa fedha zilizomo kwenye kasha zinalingana na zinazosomeka kwenye skrini. Hazikulingana, naye alithibitisha hivyo hivyo ili dirisha lisifungwe. Hapo ndipo alipojiingiza kwenye kosa ambalo Posta waliweza kumshtaki nalo. Deni lilipofika pauni 36,000 alifunguliwa mashtaka ya wizi, ingawa mpelelezi wa Posta mwenyewe aliandika katika ripoti yake kuwa hakupata ushahidi wa wizi. Mwaka 2008 akakubali makosa ya kughushi hesabu ili shtaka la wizi liondolewe na aepuke jela. Masharti aliyopewa yalikuwa mawili: arudishe pesa zote, na asiseme mahakamani kuwa tatizo lilikuwa mfumo. Wanakijiji wenzake walimchangia fedha, wakaenda naye mahakamani wakajaza viti. Wao walimjua. Mahakama ilikuwa na karatasi zilizotoka kwenye kompyuta.

Mfumo wenyewe uliitwa Horizon. Ulitengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo mmiliki wake alikuwa Fujitsu ya Japani, na ulianza maisha yake miaka ya 1990 kama mpango wa kulipia mafao ya serikali kwa kadi. Mpango wa kadi ulivunjika mwaka 1999, lakini fedha nyingi zilikuwa zimeshatumika, na programu ikageuzwa kuwa mfumo wa hesabu wa maelfu ya ofisi za posta nchi nzima. Mawakala wa posta waliokuwa wamezoea kufunga hesabu kwa karatasi kila wiki waliwekewa kompyuta kaunta, wakapewa mafunzo mafupi, wakaambiwa kazi sasa itakuwa nyepesi. Kwa wengi ilikuwa hivyo. Kwa wengine, usiku wa kufunga hesabu uligeuka mateso: wanahesabu hadi saa sita za usiku, wanahesabu tena, na namba ya skrini haitaki kukutana na pesa za mkononi.

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walipatikana na hatia za wizi, udanganyifu au kughushi hesabu kwa ushahidi uliotegemea mfumo huo. Takriban 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe, maana sheria ya Uingereza na Wales inaruhusu taasisi au mtu binafsi kufungua kesi ya jinai. Aliyedai pesa, aliyepeleleza na aliyeshtaki walikuwa chini ya paa moja. Maelfu wengine hawakufika mahakamani. Walilipa kimyakimya kutoka kwenye akiba zao, kwenye mikopo, kwenye fedha za wazazi wao.

Jiulize sasa: ilikuwaje kila mtu akaamini? Majaji waliamini, mawakili wakaamini, majirani wakaamini, na waume na wake wa washtakiwa wakabaki na wasiwasi moyoni. Wakala wa posta ni mtu anayeaminiwa kijijini, mara nyingi kwa miaka mingi. Mamia ya watu wa aina hiyo kugeuka wezi kwa mpigo, katika miaka ileile ambayo mfumo mpya umefungwa, ni jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote aliyekaa akafikiri. Sokoni, mizani ikionyesha kila muuzaji anapunja kuanzia siku ilipoletwa, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye mizani. Kwenye kompyuta akili zetu haziendi huko. Tunaiona ni kitu kisicho na njaa, kisicho na deni la shule, kisicho na sababu ya kudanganya. Binadamu ana sababu. Basi hesabu zikigombana, macho yote yanamgeukia binadamu.

Na Uingereza ilikuwa imeiandika imani hiyo kwenye sheria. Sheria ya ushahidi ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta katika kesi ya jinai athibitishe kwanza kuwa kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Wanasheria wakalalamika kuwa sharti hilo linachelewesha kesi bila sababu. Likafutwa kwa sheria ya mwaka 1999 iliyoanza kutumika Aprili 2000, na mahali pake pakabaki dhana kwamba kompyuta inafanya kazi vizuri mpaka mtu aonyeshe kinyume. Ilikuwa miezi ileile ambayo Horizon ilikuwa ikisambazwa. Tangu hapo mwenye duka la kijijini ndiye aliyetakiwa kuonyesha kasoro ndani ya programu ambayo haruhusiwi kuifungua, inayohifadhiwa kwenye mitambo asiyoijua, na ambayo kumbukumbu zake yeye mwenyewe anaweza kuziona za wiki chache tu zilizopita.

Lee Castleton alijaribu. Alikuwa na ofisi ya posta Bridlington, mji wa pwani kaskazini mashariki mwa Uingereza, na mwaka 2004 mfumo ulisema amepoteza kama pauni 25,000. Alipiga simu dawati la msaada mara 91. Nairudia namba hiyo kwa sababu mwizi hapigi simu kwa mwenye mali mara 91 kumwomba aje akague. Posta ilimpeleka Mahakama Kuu. Hakuwa na fedha za wakili, akajitetea mwenyewe, na Januari 2007 akashindwa. Akaamriwa kulipa deni pamoja na gharama za kesi za upande wa pili, pauni 321,000. Akafilisika. Watoto wake walisimangwa shuleni kuwa baba yao ni mwizi. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na katika chumba kile cha mahakama hakukuwa na mtu wa kumjibu mfumo kwa lugha yake. Mhasibu wa kujitegemea angeweza kupitia hesabu, lakini hesabu zote zilitoka kwenye mfumo uleule unaolalamikiwa.

Seema Misra naye aliendesha ofisi ya West Byfleet, karibu na London. Mfumo ulidai pauni 74,000. Mwaka 2010 jopo la raia lilimtia hatiani kwa wizi, na Novemba 11 mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Alikuwa na mimba ya wiki nane. Siku hiyo mwanawe mkubwa alikuwa akitimiza miaka 10. Mtoto wa pili alizaliwa mama akiwa amefungwa kifaa cha kielektroniki mguuni cha kufuatilia nyendo zake. Magazeti ya mtaani yaliandika habari zake kama habari za mwizi mjamzito, na mumewe akapigwa na watu barabarani. Katika kesi ile Posta haikuukabidhi upande wa utetezi taarifa ilizopaswa kuukabidhi kuhusu kasoro za Horizon. Ushindi wa kesi ulipopatikana, ulisherehekewa ndani ya Posta kama dawa ya kuwanyamazisha waliokuwa wakiusema vibaya mfumo.

Kuna jambo moja ambalo mawakala hao, waliotoka sehemu mbalimbali za nchi na wasiojuana, walilisimulia kwa kufanana kabisa. Walipopiga simu au walipohojiwa na wapelelezi, waliambiwa: ni wewe peke yako. Hakuna mwingine mwenye tatizo hili. Sidhani kama lipo neno lililowaumiza kuliko hilo. Mtu anayeambiwa kuwa nchi nzima inatumia mfumo huu bila shida, isipokuwa yeye, huanza kujichunguza. Nilikosea wapi? Labda nilimpa mzee yule noti mara mbili. Labda msichana niliyemwajiri anachukua. Wapo walioshuku wafanyakazi wao wasio na hatia, wapo walioshuku ndugu zao, na wapo waliokubali moyoni kwamba pengine kweli akili zao zimeanza kuharibika. Ndiyo maana nasema madhara ya teknolojia hii hayakuwa ya pesa peke yake. Ilibadili namna mtu anavyojijua. Mtu aliyekuwa na uhakika na mikono yake alifundishwa kuitilia shaka mikono hiyo, na yule asiyeijua kaunta kabisa, ofisini makao makuu, alifundishwa kutokuwa na shaka yoyote.

Aibu nayo ikafanya kazi yake. Walioumia walijificha. Walihama vijiji, waliwaficha wazazi wao, wengine waliwaficha hata wenzi wao wa ndoa mpaka siku ya hukumu. Kila aliyejificha aliufanya uongo wa “peke yako” uonekane kweli.

Kasoro zenyewe zilikuwa nyingi, na baadhi zilijulikana mapema ndani ya Fujitsu na Posta. Nieleze moja, kwa sababu kila aliyewahi kushika kompyuta ataielewa. Oktoba 2015, wakala mmoja wa eneo la Dalmellington, Uskoti, alikuwa akihamisha pauni 8,000 taslimu kutoka ofisi yake kuu kwenda kwenye kituo kidogo cha huduma. Alipoingiza muamala, skrini iliganda. Akafanya tunachofanya sote skrini ikiganda: akabonyeza tena kitufe cha kukubali. Ikabaki palepale. Akabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza, mfumo ulikuwa ukiandika kuwa kituo kimepokea pauni 8,000 nyingine. Ukaandika mara nne: pauni 32,000 kwenye kumbukumbu, pauni 8,000 mezani, na shoti ya pauni 24,000 iliyozaliwa na kidole kilichokosa subira kwa sekunde chache. Fujitsu walipochunguza walikuta kasoro hiyo imetokea mara 112 katika ofisi 88, kwa muda wa miaka mitano. Miaka mitano hiyo watu walikuwa wakiendelea kuambiwa ni wao peke yao.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Posta ililikana kwa miaka mingi. Mafundi wa Fujitsu walikuwa na uwezo wa kuingia kwa mbali kwenye hesabu za ofisi na kuzibadilisha, na wakala asijue. Ushahidi ukionyesha kuwa mtu wa tatu ana ufunguo wa kasha lako, kesi ya wizi dhidi yako ina shida kubwa. Mawakala walihukumiwa bila kuambiwa kuwa ufunguo huo upo.

Aliyeufungua mlango ni mtu aliyekuwa na tabia ya kutunza karatasi. Alan Bates aliendesha ofisi ya posta Llandudno, kaskazini mwa Wales. Horizon ilipofungwa kwake mwaka 2000 na upungufu wa kwanza ukatokea, yeye na mwenzi wake walikaa wakachambua miamala mmoja mmoja hadi wakakuta sehemu kubwa ya deni ilitokana na miamala iliyojirudia. Kiasi kilichobaki alikataa kukilipa mpaka aonyeshwe kimetoka wapi. Aliandika barua. Aliweka nakala ya kila barua. Alitunza kumbukumbu za simu alizopiga dawati la msaada. Mwaka 2003 Posta ikasitisha mkataba wake bila kueleza sababu, akapoteza biashara na fedha alizowekeza. Hawakumshtaki kwa wizi.

Bates hakuwa mtaalamu wa kompyuta wa kutisha wala mwanasheria. Alichokuwa nacho ni msimamo mwepesi kuuelewa: silipi deni ambalo mdai hawezi kunieleza. Mei 2009 jarida la Computer Weekly lilichapisha habari za mawakala saba, akiwemo yeye, na Novemba mwaka huohuo wenye shida ya aina moja walikutana kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Kwa wengi wao, siku ile ndiyo waliyojua kwa hakika kuwa hawakuwa peke yao. Wakaunda chama. Kutoka hapo ilichukua miaka kumi kamili kufika kwenye hukumu.

Sitakaa sana kwenye miaka hiyo kumi, ingawa inastahili kitabu. Mawakala 555 walifungua kesi ya pamoja Mahakama Kuu. Desemba 2019 jaji aliamua kuwa Horizon ilikuwa na kasoro za kutosha kusababisha mapungufu yale, na akaufananisha ukaidi wa Posta katika kuutetea mfumo na ukaidi wa watu wanaosisitiza kuwa dunia ni bapa. Posta ilikubali kulipa pauni milioni 57.75, lakini sehemu kubwa ikamezwa na gharama za kesi. Wenyewe waligawana takriban milioni 12. Aprili 23, 2021, Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia za watu 39, wakiwemo Hamilton na Misra. Waliobaki walisubiri. Januari 2024 televisheni ya ITV ilionyesha tamthilia kuhusu Bates na wenzake, taifa likalipuka kwa hasira, na katika muda wa miezi mitano Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia za mamia kwa pamoja. Bates akapewa cheo cha Sir. Najiuliza mpaka leo kwa nini ushahidi uliolala mezani tangu 2019 haukutosha, ikabidi waigizaji wauigize ndipo watawala wauone.

Tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Sir Wyn Williams ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake Julai 2025. Imeandika kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya masaibu haya. Hakuna fidia itakayowarudisha.

Wala Uingereza haiko peke yake. Australia ilikuwa na mpango, maarufu kwa jina la Robodebt, ambapo kompyuta ilichukua kipato cha mwaka mzima cha mtu, ikakigawa sawa kwa kila wiki mbili, kisha ikamdai mlipwa mafao pesa alizodaiwa kupokea kimakosa. Mtu aliyefanya kibarua miezi mitatu akakaa miezi tisa bila kazi alionekana kana kwamba alikuwa na kipato mwaka mzima. Watu zaidi ya 400,000 walidaiwa kwa njia hiyo iliyokuja kuthibitika kuwa haramu. Uholanzi, mamlaka ya kodi iliwaandama maelfu ya wazazi ikiwatuhumu kwa ulaghai wa ruzuku ya malezi ya watoto, wengi wao wakiwa na asili ya kigeni, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Na hizi zote ni nchi zenye mahakama imara, magazeti huru na wasomi wa kompyuta wa kila aina.

Sisi je? Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya kuambiwa dirishani kuwa mfumo umekataa. Tumeizoea mpaka hatuigombi. Mama amelipia namba ya malipo, ujumbe wa simu anao, na karani anamjibu bila kuinua kichwa kuwa malipo hayajasoma. Mstaafu anaambiwa jina lake halipo kwenye mfumo, naye amesimama pale na kitambulisho mkononi. Mfanyakazi wa kaunta anakuta shoti jioni, anakatwa kwenye mshahara, na kesho anakuja kazini kimya kwa sababu akibisha ataonekana amechukua. Sisemi kila shoti ni kosa la mashine; wapo wezi, na wapo wengi, na mifumo hii imewaumbua baadhi yao na kuokoa mapato ya umma. Ninachosema ni kwamba karani aliyeketi pale ana macho na masikio, na amepewa kazi hiyo ili ayatumie. Akishasema “mfumo ndivyo unavyosema” na mazungumzo yakaishia hapo, amejiondoa kwenye kazi yake, na aliye mbele yake amebaki bila mtu wa kumsikiliza.

Wazazi wetu walifanya biashara kwa daftari. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, wakala alikuwa na kitabu kaunta: anaandika tarehe, jina, namba ya muamala, kiasi, na mteja anatia sahihi. Vijana wengi leo wanakiona kitabu kile kama usumbufu, na mimi nawasihi mawakala wote wanaosoma hapa wasikitupe. Andika. Kwa kalamu, kwenye daftari lako, siku hiyohiyo. Piga picha skrini inapoganda na inapoonyesha jambo usilolielewa, kabla hujabonyeza tena. Ukipiga simu ya huduma kwa wateja, andika saa, andika jina la aliyepokea, andika alichokwambia ufanye. Daftari hilo litaonekana ni kichekesho miezi kumi na moja ya mwaka. Mwezi wa kumi na mbili ndilo litakalosimama kati yako na kesi. Castleton alikuwa na ukweli kama Bates. Bates alikuwa na ukweli pamoja na mafaili.

Na ukiambiwa ni wewe peke yako, usikubali kabla hujauliza. Muulize wakala wa mtaa wa pili, muulize mwenzako wa tawi lingine, liseme kwenye kikundi chenu bila kuona haya. Waajiri nao wana wajibu wao hapa, mkubwa kuliko wa mfanyakazi: kabla ya kumkata mtu mshahara au kumwita polisi, aonyeshwe miamala yote, si jumla ya mwisho tu, na apewe mtu wa kuipitia naye ambaye hana maslahi na kampuni iliyouza programu. Na ninyi vijana mnaoziandika programu hizi Nairobi, Kampala na Dar, ambao nawaonea fahari kubwa: kasoro mkiigundua, itangazeni kwa wanaoitumia siku mliyoigundua. Ndani ya Fujitsu walikuwepo watu waliojua. Taarifa zao zilibaki kwenye barua pepe za ofisini huku wenye maduka wakisimama kizimbani.

Kwa Waingereza wenyewe kazi haijaisha. Hukumu zimefutwa, fidia bado zinabishaniwa, na baadhi ya waliosafishwa majina walisafishwa wakiwa wameshazikwa. Januari 2025 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilianza kukusanya maoni ya wanasheria na wataalamu wa kompyuta kuhusu namna ushahidi wa kompyuta unavyopaswa kupokelewa mahakamani. Wakati maoni hayo yakianza kukusanywa, dhana ile iliyoanza kutumika Aprili 2000, kwamba kompyuta iko sawa mpaka mshtakiwa aonyeshe kinyume, ilikuwa ingali sheria katika kila kesi ya jinai inayosikilizwa Uingereza na Wales.